PDF Yako Iko Mtandaoni na Hakuna Msee Anaipata? Hii Ndiyo Rada

Fungua Google kwa simu yako saa hii. Andika "fomu ya basari", ongeza jina la wadi yenu na mwaka huu, halafu ucheki kitu inakuletea. Kama una bahati utaiona hapo juu. Kama uko kama wasee wengi, utapata stori za magazeti, saiti mbili tatu zinatafuta klik, na fomu ya mwaka juzi ya kaunti ingine kabisa.

Na si ati fomu haiko. Mara mingi iko kwa tovuti ya ofisi, ina muhuri na saini, kila kitu. Shida ni imeitwa "scan0047.pdf" na ndani yake ni picha ya karatasi. Google inaipita tu.

Kwa mtoto wa sekondari mwenye fee haijaisha, hiyo si stori ya kompyuta. Dedlaini ikipita, hakuna mtu anauliza kama ulisaka ukakosa. Kenya iko na maeneobunge 290 na wadi 1,450, na basari nyingi bado huombwa kwa fomu. Sasa piga hesabu ni fomu ngapi zimejificha huko.

Na hii haihusu gava pekee. Kama unauza maswali ya marudio, kama uko na profaili ya kampuni, orodha ya bei ya cateri yako, ama ripoti ya youth group mlikesha mkiandika, uko kwa mtego huo huo. Poa ni kwamba dawa yake ni kazi ya dakika kumi hivi, na hauhitaji kuwa umesomea kompyuta mahali.

Google inasoma nini kwanza?

PDF ilitoka 1993, ikabuniwa na Adobe, kampuni ya Marekani. Kitu walikuwa wanatatua ni hii: unaandika barua kwa kompyuta moja, ukiifungulia kwa ingine mistari inaruka, fonti inabadilika, jedwali linalala. PDF ikaja kuhakikisha karatasi inakaa vile vile kila mahali, iwe kwa skrini ama kwa printa. 2008 ikawa kiwango cha kimataifa cha ISO.

Kwa hivyo PDF ilitengenezewa macho ya mtu. Google nayo inatumia roboti inaitwa Googlebot, na hiyo kazi yake ni kutembea kutoka linki moja hadi ingine ikisoma maneno. Imekuwa ikisoma PDF tangu 2001, kwa hivyo usiskie mtu akikwambia ati Google haiwezi PDF. Inaweza, bora umeiachia kitu ya kusoma.

Ikifika kwa PDF yako, inataka vitu tatu: maandishi yaliyo ndani, kichwa kilichoandikwa kwa faili yenyewe, na maneno ambayo kurasa zingine zimetumia kuelekeza watu hapo. Ukikosa zote tatu, umefungua duka haina signboard, shata iko chini, halafu unashangaa mbona wateja hawaingii.

Testi ya sekunde kumi

Kabla ya kitu ingine yoyote, fanya hii. Fungua PDF yako, gandamiza kidole juu ya neno, chagua mstari mzima, kopi, halafu upesti kwa meseji ya kujitumia mwenyewe. Moja kati ya hizi tatu itatokea.

Moja, maneno yametoka safi. Uko fiti. Google wenyewe walishasema hivyo: maandishi unayoweza kukopi kutoka kwa PDF na kupesti kwingine, wao pia wanafaa kuweza kuyasoma.

Mbili, hakuna kitu inachagulika. Hiyo ni picha. Wewe unaona maneno, kompyuta inaona rangi nyeusi na nyeupe.

Tatu, imetoka alama alama hazieleweki. Hapo fonti iliwekwa vibaya wakati PDF ilikuwa inatengenezwa. Kwa macho inakaa poa, lakini ndani ni vurugu.

Ile ya pili ndiyo imejaa Kenya, na tunajua venye inatokea. Mtu anachapa barua kwa Word, anaprinti, inapelekwa kwa mkubwa ipigwe saini na muhuri, inarudi, inaskaniwa, inapakiwa. Ile faili ya Word yenye maandishi safi inabaki imelala kwa kompyuta ya ofisi. Umechukua maneno, ukayageuza picha, halafu ukaweka picha.

Dawa ya kwanza: toa PDF moja kwa moja kutoka kwa Word ama Google Docs, bila kupitia karatasi. Kama lazima saini ionekane, skani ule ukurasa wa saini pekee na uuweke mwisho. Zile kurasa zingine ziache zikiwa maandishi.

Kama faili ya Word ilipotea kitambo, pakia ile skani kwa Google Drive, uwe kwa kompyuta, ubonyeze kulia na uchague kuifungua na Google Docs. Itajaribu kutoa maneno kutoka kwa picha, na haulipi kitu. Lakini soma tena kila mstari, haswa namba na tarehe. Mashine ikisoma 8 kama 3 kwa tarehe ya mwisho, umewapoteza watu kuliko vile hawangepata fomu kabisa.

Google pia hujaribu kusoma picha zilizo ndani ya PDF. Lakini kama karatasi ilipinda, wino ni hafifu, ama muhuri umekaa juu ya maneno, unacheza pata potea.

Vitu mbili za mwisho hapa. PDF yenye paswadi Google haifungui, kwa hivyo itoe kama unataka watu waipate. Na kama unatengeneza kwa Canva, usiweke alama pale pameandikwa "Flatten PDF" wakati wa kudaunlodi, juu hiyo inageuza muundo wako wote kuwa picha.

Jina la faili

"Doc1.pdf". "FINAL final 2 (1).pdf". "IMG-scan-new.pdf". Maze, hizi majina hata wewe mwenyewe wiki ijayo hautajua ni nini.

Jina zuri linasema vitu tatu: hii ni nini, ni ya wapi, ni ya lini. Mfano: "fomu-ya-basari-kisauni-2026.pdf". Tenganisha maneno kwa deshi. Usiache nafasi, juu kwa linki hizo nafasi zinageuka kuwa "%20" na linki inakaa kama imegongwa na matatu. Google wenyewe wanashauri deshi kuliko ile mistari ya chini.

Jina la faili peke yake halitakupeleka nambari moja. Ni ishara ndogo kwa Google. Lakini ni ishara kubwa kwa mtu. Mzazi ameenda saiba, amedaunlodi faili kumi, anataka kuprinti moja, na analipa kwa kila ukurasa. Jina likiwa wazi, hakuna kuprinti kitu siyo.

Kichwa kilichojificha ndani

Hii ndiyo wengi hawajui iko. Kila PDF iko na sehemu ya ndani yenye habari kuhusu faili yenyewe: kichwa, mwandishi, siku ilitengenezwa. Inaitwa metadata. Google inaweza kuchukua kile kichwa na kukifanya yale maandishi ya bluu unayobonyeza kwa matokeo.

Ndio maana ukisaka nyaraka za Kenya unapata matokeo yameandikwa "Microsoft Word - Document1". Hakuna mtu alichagua hilo jina. Kompyuta ilijijazia yenyewe na hakuna mtu alicheki.

Mbaya zaidi ni kurithi faili. Msee anachukua ripoti ya 2019, anafuta maandishi, anaandika ya mwaka huu, anahifadhi. Ukurasa wa kwanza unasema mwaka huu, lakini kichwa cha ndani bado kinasema 2019. Mtu akisaka anaona 2019 kwa Google, anaipita, anaenda. Na pale kwa mwandishi unapata jina la mtu aliyeuza hiyo laptop.

Kurekebisha ni rahisi. Kwa Word ya kompyuta, ingia "File", kisha "Info", na upande wa kulia utaona "Title". Andika kichwa cha ukweli. Kwa LibreOffice, ambayo ni ya bure, ni "File", "Properties", halafu "Description". Baada ya hapo hifadhi kama PDF. Usitumie ile njia ya kuprinti kwenda PDF, juu ikipita huko linki za ndani na mpangilio wa vichwa mara mingi hupotea.

Ukiwa hapo, tumia mitindo ya vichwa ya Word, zile "Heading 1" na "Heading 2", badala ya kufanya maandishi makubwa na meusi tu. Msee asiyeona anayetumia programu ya kusomewa na simu anaweza kuruka kutoka sehemu moja hadi ingine. Kazi ile ile inasaidia watu wawili.

Andika maneno ambayo watu wanasaka

Ofisi inaandika "Maombi ya Msaada wa Kifedha kwa Wanafunzi Wenye Mahitaji". Mtu wa mtaa anaandika "basari Mathare 2026". Google imejaribu sana kuelewa maana, lakini kama neno "basari" haliko popote kwa hiyo karatasi, na jina la mahali liko kwa nembo ya picha pekee, unaipa kazi ya kubahatisha.

Kumbuka zile maeneobunge 290. Kama kila moja imeweka faili imeandikwa tu "Fomu ya Basari", Google itajuaje ni gani ya Mathare? Jina la mahali na mwaka lazima ziwe kwa maandishi ya ukurasa wa kwanza, na ziwe maandishi kweli.

Mkenya pia anasaka kwa lugha mbili kwa sentensi moja. Kwa hivyo kwa aya ya kwanza weka jina la Kiswahili na lile la Kizungu ambalo kila mtu hutumia, kila moja kwa sentensi yake. Mara moja moja inatosha. Ukirudia neno moja mara arobaini ukidhani unaibamba Google, hiyo ni mchezo wa zamani na Google inaihesabu kama spamu.

Hii inafanya kazi hata kwa biashara. Kama unafanya keki Umoja, kichwa "Orodha ya bei" hakisaidii mtu. "Bei za keki za harusi na bathdei, Umoja, Nairobi" kinasaidia.

Ipe PDF ukurasa wake

Googlebot inafuata linki. Kama hakuna ukurasa wa wazi unaoelekeza kwa faili yako, haina njia ya kufika. PDF uliyotuma kwa grupu ya WhatsApp haiko kwa Google, hata kama imefowadiwa mara elfu. Iliyofungiwa nyuma ya kulogin pia haiko. Na linki ya Google Drive uliyompatia tu beshte yako, usitarajie mtu mgeni aipate kwa kusaka.

Njia poa ni kutengeneza ukurasa wa kawaida wa tovuti, uandike aya mbili ama tatu: hii hati ni nini, inawahusu kina nani, dedlaini ni lini, unapeleka wapi ukimaliza kujaza. Halafu chini yake uweke linki ya PDF. Ukurasa wa kawaida unafunguka haraka kwa simu na unakula data kidogo, kwa hivyo hata mtu ambaye data yake inaisha anapata ile habari muhimu kabla ya kudaunlodi.

Na hiyo linki isiandikwe "bonyeza hapa". Ulisoma hapo juu kwamba Google hutumia maneno ya linki kujua PDF inahusu nini. Ukiandika "bonyeza hapa", umeiambia hati yako inahusu kubonyeza. Andika "Pakua fomu ya basari ya Kisauni 2026". Ongeza ukubwa wa faili pia, mtu ajue kama ni KB 300 ama MB 18 kabla hajachoma data.

Usiue linki ya zamani

Kila mwaka wasee wanatengeneza tovuti mpya, linki zote za zamani zinakufa. Shule zilikuwa zimeweka hiyo linki kwa kurasa zao, kanisa liliibandika kwa tangazo, sasa wote wanaangukia ukurasa wa 404. Ile imani Google ilikuwa imejenga kwa hiyo anwani inapotea nayo.

Weka ukurasa mmoja wa kudumu, labda unaishia na "/basari", na kila mwaka ubadilishe tu PDF iliyo ndani. Za miaka iliyopita ziache chini kwa orodha, mwaka ukionekana wazi. Kama lazima anwani ibadilike, mwambie anayeshughulikia tovuti aelekeze ile ya zamani kwa mpya. Hiyo inaitwa 301, na yeyote anayejiita fundi wa tovuti anafaa kuijua.

Cheki kama imeonekana

Andika hivi kwa Google: site:go.ke filetype:pdf basari. Maana yake ni: niletee PDF pekee, kutoka kwa tovuti za serikali ya Kenya, zenye neno basari. Badilisha "go.ke" na anwani ya tovuti yako uone zako ngapi zimeonekana na zimeandikwa vipi. Hii mbinu pia ni silaha ya kusaka. Jaribu na "bajeti" na jina la kaunti yenu siku moja.

Kama tovuti ni yako, jisajili Google Search Console. Ni ya bure. Unabandika anwani ya PDF, inakuambia kama imeingia ama bado, na unaweza kuomba ipitiwe. Inaweza kuchukua siku chache ama wiki kadhaa, kwa hivyo fomu yenye dedlaini ya Ijumaa usiipakie Alhamisi usiku.

Na mtu akikuomba doo akisema atakuweka nambari moja Google, kimbia. Google haichukui pesa kupandisha mtu kwa matokeo ya kawaida, na wenyewe wanasema hakuna anayeweza kukuhakikishia nafasi ya kwanza. Matangazo ya kulipia yako, lakini hayo huandikwa kwamba ni matangazo.

Kuna zenye hazifai kuonekana

Haya yote yanakata pande mbili. Orodha ya watoto waliopata basari, na majina, namba za vitambulisho na simu za wazazi, ikiwekwa vizuri kama PDF itaonekana vizuri pia na matapeli. Kenya iko na Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na hizo si habari za kuanika ovyo.

Kabla ya kupakia, ondoa hizo safu. Kuzifunika na boksi nyeusi kwa Word haitoshi, juu mara mingi maandishi bado yako chini yake, na mtu anayakopi tu kwa ile testi ya sekunde kumi. Hata CV yako iangalie. Kama uliiweka kwa tovuti ikiwa na namba ya kitambulisho, mtu yeyote anaweza kuipata.

Nani atafanya hii kazi?

Katiba ya 2010, Kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zinazoshikiliwa na serikali. Hapo hapo inasema serikali inafaa kuchapisha na pia kutangaza habari muhimu zinazoathiri taifa. 2016 ikaja sheria nzima ya kupata habari. Faili inaitwa "scan0047.pdf" imechapishwa, sawa. Kutangazwa bado.

Wengi wenu mnaosoma hii mmekalia hiyo nafasi bila kujua. Wewe ni intani kwa ofisi ya wadi, ama uko saiba na ndiye unaskania watu, ama ni katibu wa chama, ama ndiye "yule kijana anajua kompyuta" kanisani. Faili inapita mikononi mwako kabla iende mtandaoni. Na kama unatafuta hasla, kuna mashule na sacco ziko na PDF mia hazionekani. Wafanyie moja, waonyeshe tofauti kwa Google, halafu mbonge bei ya zingine.

Kama hauko kwa hiyo ofisi, watumie meseji. Kopi hii ubadilishe majina:

"Habari za asubuhi. Fomu ya basari iliyo kwa tovuti yenu ni picha, kwa hivyo haionekani mtu akiisaka Google. Naomba muweke ile ya Word ikiwa PDF, jina la faili liwe na neno basari, jina la wadi na mwaka, na tarehe ya mwisho iandikwe kwa ukurasa wenyewe. Mkihitaji mtu wa kusaidia, niko tayari. Asanteni."